Pango la Nakala: Yuro Tatu au Ishirini?

Mlangoni mwa makumbusho ya Altamira, kaskazini mwa Hispania, mtu mzima hulipa yuro 3. Jumamosi mchana na Jumapili halipi kitu. Mlangoni mwa Lascaux IV, kusini-magharibi mwa Ufaransa, tiketi ilianza kwa yuro 16 mwaka 2016 na sasa imeshapita 20. Kote kuwili mgeni haoni pango lenyewe. Anachokiona ni nakala yenye ukubwa uleule, iliyopimwa kwa mashine, ikamwagwa kwenye kalibu na kupakwa rangi kwa mkono, ilhali pango la asili liko hapo jirani chini ya kufuli.

Ukikadiria yuro moja kwa shilingi 150 za Kenya, tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 2,500 kwa kichwa. Familia ya watu wanne inaanza kukuna kichwa. Je, hela hizo za ziada zinanunua nakala bora zaidi? Nitoe jibu langu mapema: hapana. Zinanunua jengo, vifaa vya kidijitali unavyokabidhiwa ukiingia, mishahara ya waongozaji, na zaidi ya yote zinaonyesha nani anayebeba mzigo. Altamira ni makumbusho ya taifa, kwa hiyo mlipa kodi wa Hispania ameshakulipia sehemu kubwa kabla hujafika. Lascaux IV ilijengwa kwa fedha za umma, lakini inaendeshwa na kampuni inayotakiwa kujikimu kwa kiingilio. Nakala za mapango mengine mawili ya Ufaransa, Chauvet na Cosquer, zinaendeshwa na kampuni binafsi. Bei ya mlangoni, basi, haikuambii lolote kuhusu usahihi wa fahali aliyechorwa ukutani. Kwa hilo inabidi uangalie kwingine.

Kwanza tuelewe kwa nini mtu amwage mamilioni kujenga pango pembeni ya pango. Lascaux iligunduliwa na vijana wanne Septemba 1940, wakakuta farasi, mbawala na mafahali wa mwitu waliochorwa kati ya miaka 17,000 na 21,000 iliyopita. Mwaka 1948 pango likafunguliwa kwa watalii, na kufikia mwaka 1955 wageni walikuwa zaidi ya elfu moja kwa siku. Kila mgeni huingia na joto la mwili, jasho na pumzi. Hewa ya ukaa itokayo kwenye pumzi huyeyuka katika unyevu wa ukutani na kuufanya kuwa asidi hafifu. Asidi inakula chokaa ya mwamba, kisha chokaa hiyohiyo inaganda upya juu ya picha kama utando mweupe. Taa nazo zikaotesha mwani. Wafaransa waliyaita magonjwa hayo kwa rangi, la kijani na jeupe, na mwaka 1963 waziri wa utamaduni André Malraux akaamuru pango lifungwe. Hata baada ya kufungwa halikupona kabisa: mwaka 2001 lilivamiwa na kuvu.

Altamira ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 1973 waliingia watu wapatao 175,000, mwaka 1977 likafungwa, likafunguliwa kwa wachache mwaka 1982, likafungwa tena mwaka 2002. Mwaka 2014 ilianza kupigwa kura kila wiki miongoni mwa wageni wa makumbusho, na watano waliobahatika waliingia pangoni kwa dakika 37. Usiende kwa kutegemea kura hiyo.

Chauvet, lililogunduliwa Desemba 1994 katika bonde la mto Ardèche, halikufunguliwa kwa umma hata siku moja. Makosa ya Lascaux yalitosha kuwa somo. Na Cosquer, karibu na Marseille, lisingefunguliwa hata kwa kutaka: mlango wake uko mita 37 chini ya bahari, unafuatwa na njia ya maji yenye urefu wa mita 175, na wapiga mbizi watatu walifia humo mwaka 1991. Bahari inaendelea kupanda, na sehemu ya picha zake imeshaliwa na maji. Hapo nakala haikujengwa kupunguza msongamano. Ndiyo itakayobaki.

Sasa tuingie karakana, maana ndiko bei halisi inakopikwa.

Lascaux II, nakala ya kwanza maarufu, ilifunguliwa mwaka 1983 mita 200 tu kutoka pango la asili. Kompyuta haikuhusika. Wapimaji walipiga picha pacha za kuta, wakachora mistari ya kimo kama ya ramani ya milima, mafundi wakakunja wavu wa nondo kufuata mistari hiyo na kupiga saruji juu yake. Kisha mchoraji Monique Peytral na wenzake wakarudia picha kwa rangi za udongo na madini kama za kale. Kazi ilianza miaka ya sabini, ikasimama katikati, ikaendelea. Yaliyotoka humo ni kumbi mbili tu, Ukumbi wa Mafahali na ule unaofuata, ambazo hata hivyo ndizo zenye picha nyingi za rangi.

Altamira ya pili ilifunguliwa Julai 2001 ikiwa imepiga hatua. Manuel Franquelo na Sven Nebel walitumia vipimo vya kidijitali kuiongoza mashine ya kuchonga, ikachonga mabonge ya povu gumu kufuata kila kifundo cha dari. Juu ya mabonge yale wakatoa kalibu, na ndani ya kalibu wakamimina unga wa chokaa ya mawe uliochanganywa na rezini. Kwa hiyo unachokiona kina mng'ao wa jiwe kwa sababu kwa sehemu kubwa ni jiwe lililosagwa. Hili si jambo dogo. Wachoraji wa Altamira walitumia vifundo vya dari kuwapa baisoni wao matumbo na mabega. Ukikosea kifundo kwa sentimita mbili, mnyama anavunjika mgongo. Picha iliyopigwa vizuri na kubandikwa ukutani haiwezi kufanya kazi hiyo.

Kwa Chauvet na Lascaux IV mambo yakakua. Kamera na mashine za leza ziliingizwa pangoni kwa saa chache kila mara, kwa sababu hata wapimaji hupumua. Leza hurusha miale na kupima umbali wa kila inapogonga, hadi kompyuta inakuwa na wingu la mabilioni ya nukta ambalo ndilo umbo la pango. Juu ya umbo hilo huvikwa maelfu ya picha zenye rangi sahihi. Kuanzia hapo mwanadamu anarudi na patasi na brashi. Hapo ndipo wengi wanaposhangaa, wakidhani kwamba kwa kuwa kipimo ni cha kidijitali, basi mashine imechapa pango zima kama inavyochapa gazeti. Haikuwa hivyo. Kuta zenye picha za Chauvet zilitengenezwa kwenye karakana za watu kama Gilles Tosello, mtafiti wa sanaa ya kale ambaye pia ni mchoraji, na Alain Dalis. Umbo na picha za kompyuta ziliwaambia mstari upite wapi. Hazikuwaambia mkono wa kale ulikandamiza wapi na kuteleza wapi. Tosello alichora kwa makaa ya msonobari, mti uleule uliotoa makaa ya pangoni, akijaribu kuuvuta mstari wa farasi kwa pumzi moja kama ulivyovutwa miaka 36,000 iliyopita. Mstari ukiukatiza katikati ili uangalie umefika wapi, jicho la mtazamaji linaliona kovu hilo hata kama vipimo vyote ni sahihi.

Fedha, je? Chauvet iligharimu yuro milioni 55 hivi. Lascaux IV inatajwa kuwa kati ya milioni 57 na 66, kutegemea nani anahesabu na anahesabu nini. Cosquer, iliyofunguliwa Juni 2022, milioni 23. Ukigawa kwa mita za mraba za nakala, unapata takriban yuro 18,000 kwa mita ya Chauvet, ambayo ina mita 3,000. Yuro 13,000 kwa mita ya Cosquer, yenye mita 1,750 hivi. Na zaidi ya 60,000 kwa Lascaux IV, yenye mita 900. Usikimbilie kusema Lascaux ndiyo bora mara nne. Hesabu hiyo imebeba jengo zima: ofisi ya Snøhetta ya Norway ilipewa kazi ya kuchora kituo kikubwa cha kioo na zege kilichozama chini ya kilima cha Montignac, chenye kumbi za maonyesho, sinema na duka. Cosquer ilipata nafuu kubwa kwa kupewa jengo lililokuwa limeshajengwa ufukweni Marseille, Villa Méditerranée, ambalo serikali ya kanda ilikuwa haijui ilifanyie nini. Nakala za Ulaya zinapotangazwa kwa mamilioni, muulize mtangazaji paa ni shilingi ngapi.

Kipimo kizuri cha kulinganisha kiko Afrika, ingawa si cha pango wala si cha zama za mawe. Kaburi la Tutankhamun huko Luxor liliskaniwa na kampuni ya Factum Arte ya Madrid mwaka 2009, kwa usahihi wa nukta milioni 100 kwa kila mita ya mraba, na nakala yake ikafunguliwa mwaka 2014 karibu na nyumba aliyokaa Howard Carter. Gharama ilikuwa karibu nusu milioni ya yuro. Ni kweli, chumba ni kidogo, kuta ni bapa, na hakuna jengo la kifahari juu yake. Lakini ndiyo hoja yenyewe: teknolojia ni hiyohiyo, tena sahihi kupita ya baadhi ya mapango, na bei imeporomoka kwa sababu hakuna aliyetaka mgahawa.

Kwa mgeni, swali lenye manufaa zaidi ni nakala imetoa nini kafara. Hakuna isiyotoa.

Chauvet imetoa nafasi. Pango la asili lina mita za mraba 8,500. Nakala imelibana hadi theluthi moja hivi. Kuta zilizochaguliwa zina ukubwa wao kamili, lakini zimesogezwa karibu, na korido ndefu tupu zimekatwa. Mgeni anakwenda kutoka picha hadi picha bila lile giza la katikati ambalo, nadhani, lilikuwa nusu ya maana ya kuingia humo. Lakini kuta zenyewe! Kuna ukuta wa simba wanaowinda, vichwa vimepangana, macho yote upande mmoja, na simba dume hawana manyoya ya shingoni. Kuna vifaru waliogonganisha pembe. Mtu aliyekulia Ngorongoro au Nakuru atawatazama kwa jicho ambalo Mfaransa hana, na atagundua kwamba mchoraji alijua simba anavyoshusha mabega kabla ya kurusha mwili. Kwa hilo tu naiweka Chauvet juu ya Lascaux kwa msomaji wa kwetu.

Cosquer imetoa miguu yako. Huingii kwa kutembea; unapanda kigari kidogo kinachokupitisha kwa dakika 35 huku sauti ikisimulia masikioni. Kwa mzee au mwenye watoto wadogo ni neema. Kwa mtu anayependa kusimama mbele ya kitu kimoja hadi akichoke, ni kero: kigari hakisubiri. Nilipenda ndege wa baharini wasioruka waliochorwa humo, wanaofanana na pengwini na ambao wametoweka duniani, lakini ndege wale wanakupita kabla hujawahesabu.

Lascaux IV imetoa utulivu. Ndani ya nakala joto limewekwa kwenye nyuzi 13, giza linatosha, na sehemu karibu zote zenye picha zimo, jambo ambalo Lascaux II haikuweza. Baadaye unatolewa kwenye ukumbi mpana ambako vipande vya nakala vinaning'inia darini vikiwa vimetenganishwa, skrini zinang'aa, na mwongozo wa kidijitali unakuuliza maswali. Watoto watafurahi. Mimi nadhani anayetaka Lascaux yenyewe afanye jambo ambalo wengi hawalijui: Lascaux II bado hupokea wageni, kwa vikundi vidogo na mwanga hafifu, na tiketi yake ni nafuu. Ni ndogo, ni ya saruji ya miaka ya themanini, na bado inashika moyo.

Altamira imetoa kafara kubwa ya mita, kwani imejenga hasa sehemu ya mbele yenye dari maarufu. Lakini imerudisha kitu. Mlango wa pango la asili ulianguka maelfu ya miaka iliyopita, na baadaye kukajengwa kuta za kuzuia dari lisidondoke. Wajenzi wa nakala wakaviondoa vyote hivyo kwenye kompyuta na kuufungua mlango mpana kama ulivyokuwa enzi za wachoraji, mwanga wa mchana ukiingia hadi walipoishi watu. Kwa hiyo nakala inaonyesha jambo ambalo hata wale watano wa kura hawalioni. Kwa yuro 3, sijaona mahali pengine Ulaya panapokupa kiasi hicho.

Lakini tiketi ni sehemu ndogo ya bili. Anayetoka Afrika Mashariki ana visa ya Schengen, yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bima ya matibabu ya kiwango kisichopungua yuro 30,000. Hizo ni gharama zilezile uende Paris au pangoni, kwa hiyo sizihesabii pango. Kinacholitofautisha ni kilomita za mwisho. Nakala ya Chauvet iko Vallon-Pont-d'Arc, katika mkoa wa Ardèche, ambao hauna huduma ya kawaida ya treni ya abiria. Bila gari la kukodi utategemea mabasi machache, na ukikosa la jioni umelala huko. Montignac nayo inataka gari: kituo cha treni chenye maana ni Brive au Périgueux, kisha barabara za vijijini. Altamira iko kilomita 2 hivi kutoka mji wa Santillana del Mar, unaofikika kwa basi kutoka eneo la Santander. Zilizobaki ni za kutembea. Cosquer iko Marseille kwenyewe, hatua chache kutoka bandari ya zamani. Marseille ni jiji lenye Wangazija wengi kuliko pengine popote nje ya Komoro, na kuna familia za Zanzibar na Mombasa zenye ndugu huko. Mwenye shangazi wa kumlaza siku mbili ameshapunguza bili kwa nusu, na hapo ile kero yangu ya kigari inapungua uzito.

Kuna chaguo ambalo matangazo ya nakala hayakutajii: mapango halisi yenye picha ambayo bado yanafunguliwa. Pech Merle, lenye wale farasi wa madoa, hupokea watu 700 tu kwa siku, na unasimama mbele ya ukuta wenyewe. Rouffignac lina treni ndogo ya umeme inayokupeleka ndani kabisa hadi kwa mamothi zaidi ya 150. Niaux, kwenye milima ya Pyrenees, unaingia kwa miguu ukishika tochi. Font-de-Gaume lina baisoni wa rangi na nafasi chache mno kwa siku. Upande wa Hispania kuna El Castillo, ambako duara moja jekundu limepimwa na kuonekana lina miaka isiyopungua 40,800. Viingilio vya mapango haya kwa kawaida ni chini ya Lascaux IV. Picha zake nyingi ni hafifu, zimekwaruzwa, nyingine utazikosa kama mwongozaji hakukuelekeza kwa taa. Ndiyo tofauti na nakala: nakala imechagua yaliyo bora na kuyamulika. Ningekuwa na siku mbili Cantabria, eneo la Hispania iliko Altamira, ningetazama nakala ya Altamira asubuhi na El Castillo siku ya pili, kwa sababu jicho lililofundishwa na nakala huona zaidi kwenye ukuta halisi. Kinyume chake hakifanyi kazi vizuri. Agiza mapema kwa njia ya mtandao. Katika miezi ya Julai na Agosti kufika bila tiketi ni kupoteza nauli.

Na asiye na visa wala shangazi? Wizara ya utamaduni ya Ufaransa imeweka Lascaux na Chauvet mtandaoni bure, na unaweza kupita ukumbi kwa ukumbi. Kifurushi cha intaneti cha siku kinatosha. Kwenye skrini ya simu unakosa ukubwa, na ukubwa ndio kitu ambacho nakala hizi zote zinauza: fahali mmoja wa Lascaux ana urefu wa zaidi ya mita 5. Ila kwa mwalimu mwenye projekta na ukuta mweupe, hilo nalo lina dawa.

Upande wa pili wa soko hili wako wanunuzi wa aina nyingine: halmashauri, makumbusho na idara za serikali zinazoletewa mapendekezo. Kwetu jambo hili si geni. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey na zenye umri wa miaka milioni 3.66, zilifukiwa; mizizi ya migunga ikaanza kuzitishia, zikafukuliwa na kurekodiwa upya kwa picha za vipimo katika miaka ya tisini, kisha zikafukiwa tena kitaalamu na serikali ya Tanzania ikishirikiana na taasisi ya Getty. Mtalii anaona nakala yake kwenye makumbusho ya Olduvai, kiasi cha kilomita 45 kutoka zilipo. Kwa maneno mengine Tanzania ina Lascaux yake tayari, ya bei nafuu na isiyo na mgahawa.

Michoro ya Kondoa Irangi ni habari tofauti, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoota "Lascaux ya Kolo", kijiji cha hukohuko Kondoa. Ile ni miamba ya wazi, zaidi ya 150, iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006. Pumzi za wageni haziidhuru, upepo unazichukua. Maadui wake ni jua, mvua, vumbi, maji yanayomwagiwa picha ili zing'ae kwa mpiga picha, na wachimbaji wanaotafuta hazina wanayoamini Wajerumani waliizika. Isitoshe, baadhi ya miamba hiyo ni mahali pa matambiko hadi leo. Nakala ya mamilioni haizuii lolote kati ya hayo, na huwezi kuhamishia tambiko kwenye rezini. Kinachotakiwa pale ni kumbukumbu iliyo sahihi, inayorudiwa kila baada ya miaka kadhaa ili ijulikane picha ipi inafifia na kwa kasi gani. Mary Leakey aliinakili michoro hiyo kwa mkono mwaka 1951. Leo kazi hiyo ina bei tofauti kabisa.

Mashine ya leza ya kusimama kwenye miguu mitatu huanzia dola elfu kumi na kitu kwa ile ndogo, na zile za kazi nzito hupita elfu hamsini. Kwa mwamba ulio wazi wenye mwanga wa mchana huihitaji. Kamera nzuri ya dola elfu moja au mbili, kadi ya kupimia rangi, rula, na picha zinazopishana kwa zaidi ya nusu zinatosha kuipa kompyuta umbo la ukuta. Programu ya Metashape huuzwa dola 3,499 kwa toleo la kitaalamu na 179 kwa lile la kawaida. RealityCapture ilifanywa bure mwaka 2024 kwa wenye mapato chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Meshroom na CloudCompare ni bure kwa wote. Kuna pia DStretch, chombo cha Jon Harman kinachovuta rangi zilizofifia, ambacho kwenye ngeu nyekundu huibua miguu na vichwa visivyoonekana kwa macho. Ujuzi upo barani: Trust for African Rock Art ya Nairobi imekuwa ikipiga picha michoro ya Afrika tangu 1996, na picha zake 25,000 hivi ziko British Museum zikitazamwa bure mtandaoni, na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeskani Kilwa, Songo Mnara na Lamu.

Ukiletewa mkataba wa kuskani, basi, bei ya mashine isikutishe wala isikuvutie. Soma kipengele cha faili. Wengi hukabidhi umbo lililokwisha kupambwa, zuri la kuzungusha kwenye skrini siku ya uzinduzi, na kuondoka na picha ghafi pamoja na wingu la nukta. Bila hivyo viwili huwezi kupima upya baada ya miaka kumi, na siku ukitaka nakala utalipia kazi mara ya pili. Dai picha ghafi zote, dai vipimo vya rangi, kataa faili zinazofunguka kwa programu ya kampuni moja tu, na andika wazi nani anaruhusiwa kuuza nakala na nani analipwa zikiuzwa. Huko Ardèche wagunduzi wa Chauvet na serikali walivutana miaka mingi juu ya jina na fedha, ndiyo maana nakala ilipofunguliwa mwaka 2015 haikubeba jina la Chauvet. Malipo ya mwisho yasubiri hadi ofisa wa Mambo ya Kale azifungue faili hizo kwenye kompyuta yake mwenyewe, bila fundi wa kampuni kuwa chumbani.